Siku Moja na Budha wa Leshan: Mwongozo Kamili wa Kwenda, Kuona na Kurudi

Katika mji wa Leshan, jimboni Sichuan kusini-magharibi mwa China, mito mitatu inakutana: Min, Dadu na Qingyi. Juu ya makutano hayo kuna jabali jekundu lililochongwa likawa mtu aliyeketi, mikono juu ya magoti, macho yakitazama maji. Kimo chake ni mita 71, sawa na jengo la ghorofa ishirini na zaidi. Nyuma yake na pembeni mwake kuna vilima vyenye mahekalu, makaburi ya mapangoni, daraja lenye paa na njia za miguu chini ya miti. Yote hayo ni hifadhi moja, na mwaka 1996 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na mlima Emei ulio jirani.

Wageni wengi hufika saa nne, wanasimama foleni saa mbili, wanashuka miguuni pa sanamu, wanapiga picha ya ukucha, wanaondoka. Mimi nilifanya hivyohivyo safari ya kwanza, tena katika wiki ya sikukuu, na nilichokiona zaidi ni visogo vya watu. Mwongozo huu ni wa kukuepusha na hilo. Umewalenga hasa wenzetu walioko China tayari: mwanafunzi wa Chengdu au Chongqing mwenye Jumamosi moja ya kupumzika, au mfanyabiashara aliyemaliza mizigo yake Guangzhou na ana siku mbili za kuzunguka. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: anza kichwani, shuka miguuni mapema, maliza na mashua alasiri. Sababu nitazieleza njiani.

Hatua ya kwanza: kuchagua siku

Epuka tarehe 1 hadi 7 Oktoba, siku za mwanzo wa Mei, na kipindi cha mwaka mpya wa Kichina. Katika siku hizo nusu ya China iko safarini, na ngazi za kushukia miguuni pa sanamu ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Siku ya kazi katikati ya wiki ndiyo bora.

Kwa majira, Machi hadi Mei na mwisho wa Septemba hadi Novemba ni afadhali. Julai na Agosti kuna joto la kunata kama Dar ya mwezi wa pili, na mvua zake ni za kweli. Tarehe 18 Agosti 2020 mito ilifurika hadi maji yakafika vidoleni mwa Budha, jambo ambalo vyombo vya habari vya China vilisema halijatokea tangu 1949. Mto ukijaa, mashua hazitembei. Wakati wa baridi watu ni wachache, lakini ukungu huweza kulala juu ya mto siku nzima. Wachina wana msemo wa zamani kwamba mbwa wa Sichuan hubweka wakiona jua, kwa sababu wanaliona kwa nadra. Basi tazama utabiri wa hewa kabla ya kukata tiketi.

Hatua ya pili: pasipoti, malipo, simu

Pasipoti usiiache hotelini. Tiketi ya treni inafungwa kwenye namba ya pasipoti, na ya hifadhi vilevile. Nakala au picha ya simuni haitoshi stesheni. Mwanafunzi abebe na kitambulisho cha chuo, kwa kuwa vivutio vingi vya China huwapa wanafunzi nusu bei.

Malipo karibu yote ni kwa Alipay au WeChat. Tangu 2023 programu hizi zinakubali kadi za Visa na Mastercard za nje, kwa hiyo unganisha kadi yako ukiwa bado una intaneti ya uhakika na ujaribu kununua hata chupa ya maji kwanza. Weka na yuan mia mbili taslimu mfukoni kwa dharura. Google haifunguki kule, na ramani zake hazikusaidii. Pakua ramani ya Amap. Hifadhi pia maandishi haya kwenye simu ili umwonyeshe dereva: 乐山大佛. Yanasomeka “Leshan Dafo”, yaani Budha Mkubwa wa Leshan. Usitegemee matamshi yako. Mimi niliwahi kutamka jina la mtaa kwa ufasaha wangu wote, nikapelekwa kwingine kabisa.

Viatu ni vya raba vyenye soli isiyoteleza. Maji lita moja. Betri ya akiba. Koti jepesi la mvua ni bora kuliko mwavuli, maana kwenye ngazi za jabali mwavuli ni kero kwako na kwa anayekufuata.

Hatua ya tatu: treni

Kituo cha kuanzia ni Chengdu, kilomita kama 130 kaskazini. Treni ya mwendokasi imekuwa ikifika Leshan tangu Desemba 2014, na safari huchukua kama saa moja. Daraja la pili ni yuan hamsini na kitu kwenda. Treni huondoka stesheni ya Mashariki (成都东) na ya Kusini (成都南), kwa hiyo soma tiketi vizuri ujue ni ipi: ni stesheni mbili zilizo mbalimbali na ukikosea hupati muda wa kuhama. Anayefika kwa ndege ajue pia kwamba Chengdu ina viwanja viwili, Shuangliu ulio karibu na mji na Tianfu uliofunguliwa 2021 ulio mbali zaidi.

Tiketi unaikata kwa programu ya 12306, ambayo ina sehemu ya Kiingereza, au kwa Trip.com yenye nyongeza kidogo. Ikate siku kadhaa kabla, kwenda na kurudi kwa pamoja. Waliopanda SGR ya Dar hadi Dodoma wanaujua mtindo: mizigo inapita kwenye mashine, jina linakaguliwa, mlango unafungwa dakika chache kabla treni haijaondoka na hakuna wa kumbembeleza. Visu na mikasi mikubwa huchukuliwa. Mageti ya kujihudumia wakati mwingine hayasomi pasipoti. Tafuta mlango wenye mfanyakazi pembeni.

Tahadhari moja kwa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili: tiketi ikiandikwa 07:40, hiyo ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Kuna mtu namjua aliyefika stesheni saa 07:40 ya kichwani mwake.

Chukua treni ya mapema kabisa unayoweza kuamkia. Njiani utapita Meishan, mji alikozaliwa mshairi Su Dongpo wa enzi ya Song. Ukifika hifadhini utamkuta tena, ana mnara wake pale juu.

Hatua ya nne: kutoka stesheni hadi langoni

Teksi au DiDi, programu ya kuita gari inayopatikana ndani ya Alipay, ndiyo njia ya haraka. Hesabu nusu saa hivi. Basi la mji lipo na ni la bei ya chini mno, ila linasimama kila mahali. Nje ya stesheni utapokewa na watu wenye picha za Budha wakikupa “safari kamili” kwa gari lao. Waambie asante, endelea kutembea. Wengi watakupeleka kwenye bustani jirani ya sanamu mpya za saruji na mawe, iliyofunguliwa miaka ya tisini, yenye tiketi yake mbali. Ina Budha aliyelala mwenye urefu wa mita 170 na watoto huipenda, ila hiyo siyo uliyoifuata.

Tiketi ya hifadhi imekuwa yuan 80 kwa miaka mingi, na mashua yuan 70, tiketi mbili tofauti. Kiangazi lango hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, majira ya baridi saa 2:00. Ingia kwa lango la kaskazini.

Hatua ya tano: kichwani, Hekalu la Lingyun

Kutoka langoni unapanda ngazi ndani ya miti, ukipita maandishi yaliyochongwa mwambani na mashairi ya watu waliopita hapa karne nyingi nyuma. Juu kuna uwanja, na ghafla unakutana uso kwa uso na kichwa. Uko usawa wa sikio. Sikio hilo peke yake lina mita 7, na nywele zake ni mafundo ya mawe elfu moja na ushei yaliyopachikwa moja moja.

Hapa simama uyajue mambo mawili, ndipo utakapoona kitu na si jiwe tu.

La kwanza ni sababu. Zamani, makutano ya mito yalikuwa yanameza mashua. Mwaka 713, enzi ya Tang, mtawa aitwaye Haitong alianza kuchonga sanamu ya Maitreya, Budha wa wakati ujao, ili iyatulize maji. Alizunguka akichangisha fedha miaka mingi. Hadithi husema afisa mmoja alimjia akitaka mgawo, mtawa akamjibu kwamba afadhali atoe jicho lake kuliko kutoa fedha za Budha; afisa akamwambia lete, naye akaling'oa kweli. Pango linalosemwa alikaa humo lipo hapahapa. Haitong alifariki kazi ikiwa katikati, ikasimama, ikaendelezwa, ikasimama tena, hadi gavana wa kijeshi Wei Gao alipoikamilisha mwaka 803. Miaka tisini. Na inasemekana mawe yaliyochongwa, kwa wingi wake, yalitupwa mtoni yakabadilisha mkondo, maji yakatulia. Mwenye imani na mwenye uhandisi wote wakapata jibu lao.

La pili ni mifereji. Mwamba huu ni wa mchanga, laini, unaoliwa na mvua. Mafundi wa Tang walificha njia za maji katikati ya safu za nywele, kwenye mikunjo ya nguo na nyuma ya masikio, ili mvua isitiririke usoni wala isituame kifuani. Ndiyo maana uso upo bado. Juu yake lilikuwepo pia jengo la mbao la ghorofa nyingi kama kivuli, likateketea katika vita vya karne za baadaye. Matundu ya boriti zake unaweza kuyaona ukikaza macho. Tangu hapo Budha ananyeshewa, na moshi wa viwanda wa karne iliyopita ulimwongezea mvua yenye tindikali na weusi mashavuni. Mwishoni mwa 2018 alizungushiwa majukwaa akafanyiwa ukarabati wa miezi kadhaa.

Hekalu la Lingyun, lililo nyuma ya kichwa, ni la ibada hadi leo. Vaa nguo za heshima. Vuka kizingiti kwa hatua kubwa bila kukikanyaga, vua kofia, usipige picha ndani ya kumbi, usimwonyeshee Budha kidole. Watu watakuwa wanachoma udi na kuinama. Kama dini yako haikuruhusu, simama pembeni kimya. Hakuna atakayekulazimisha wala kukuuliza. Wanaouza ubani wa bei kubwa nje wakikuambia ni sharti, si kweli.

Utaombwa picha, tena sana. Mtu mweusi Leshan ni kivutio cha pili baada ya Budha. Wengi wanaomba kwa tabasamu. Ukichoka, kutikisa mkono kwa upole kunatosha.

Hatua ya sita: kushuka miguuni

Fanya hivi mara moja, kabla ya saa nne asubuhi. Njia ya kushukia imechongwa ubavuni mwa jabali, inazunguka kona baada ya kona, mwinuko mkali, upande mmoja ukuta na upande mwingine reli na mto. Ni ya kwenda tu. Ukishaanza huwezi kurudi nyuma. Mwenye kizunguzungu cha vilele, mwenye goti bovu, mama mjamzito, au mwenye mtoto wa kubeba asijikaze. Atakachokikosa atakipata kwenye mashua bila kutoka jasho.

Chini, unasimama mbele ya mguu ambao watu zaidi ya mia wanaweza kuketi juu yake, ingawa sasa hairuhusiwi. Wengi hapa hutazama juu tu. Tazama na nyuma yako: mito miwili ya rangi tofauti inaingiliana, na siku tulivu mstari wake unaonekana. Budha hakuwekwa atazamwe na sisi, aliwekwa atazame hapo. Kisha panda kwa njia ya upande wa pili. Huu mpando ndio unaoua miguu. Pumzika kwenye kona, acha wengine wapite.

Hatua ya saba: Wuyou na Mahao

Kufikia hapa, tisa kati ya kumi watarudi langoni. Wewe fuata vibao vya kusini. Njia inashuka hadi daraja lenye paa linalovuka maji, kisha inapanda kilima cha Wuyou, ambacho mvua kubwa zikija huwa kama kisiwa. Hekalu lake lilianzishwa pia enzi ya Tang, lina ukumbi wa sanamu mia tano za wanafunzi wa Budha, kila mmoja na sura yake: anayecheka, anayesinzia, anayejikuna. Ni kimya. Mara nyingi utakuwa na paka na mtawa mmoja anayefagia.

Karibu na daraja kuna Mahao, nayo ndiyo inayonirudisha Leshan. Ni makaburi yaliyochimbwa ndani ya jabali enzi ya Han ya Mashariki, karibu karne ya pili, na sasa ni makumbusho madogo. Ndani, juu ya mlango wa chumba kimoja cha kaburi, kuna Budha amechongwa ameketi, kimo chake hakizidi sentimita arobaini. Ni miongoni mwa sanamu za Budha za kale zaidi kujulikana China, na inamtangulia yule mkubwa kwa miaka zaidi ya mia tano. Wakati inachongwa, Ubudha ulikuwa mgeni aliyetoka ng'ambo, umebebwa na wafanyabiashara na watawa, na aliyezikwa humo pengine alimchukua Budha kama mlinzi mmoja zaidi wa kumvusha. Sisi wa pwani tunajua dini zinavyoingia na misafara. Mtazame taratibu, macho yanahitaji kuzoea giza, na usitumie mwanga wa kamera.

Kwa yote haya, tangu langoni, tenga saa nne.

Hatua ya nane: mashua, alasiri

Budha anatazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya jabali na uso wake ni kivuli. Baada ya saa nane mchana mwanga unamwangukia wote. Kwa hiyo mashua iwe ya mwisho. Chukua teksi hadi gati ya mashua za watalii, na uulize asubuhi mashua ya mwisho ni saa ngapi, kwa kuwa hubadilika kwa majira na kwa kina cha mto. Safari ni nusu saa hivi pamoja na kusubiri, utavaa koti la kuokolea, na mashua haitii nanga miguuni; inasimama majini mbele yake dakika chache kisha inageuza. Simu iwe tayari.

Kutoka hapa tu ndipo utamwona mzima. Pia utawaona walinzi wawili waliochongwa mwambani kulia na kushoto kwake, kila mmoja zaidi ya mita 10, ambao aliyeshuka kwa ngazi huwakosa kabisa. Nahodha akisogea mbali, vilima vyenyewe vinajipanga: Wuyou kichwa, Lingyun kiwiliwili, kilima cha tatu miguu, mtu mkubwa amelala chali juu ya mto, na yule wa mita 71 ameketi mahali pa moyo wake. Wenyeji wanalichukulia jambo hili kwa uzito. Mimi kwanza nilicheka, halafu nikaliona, sasa siwezi kutoliona.

Hatua ya tisa: kula, kisha treni

Leshan ni mji wa chakula, na watu wa Chengdu huja hapa kula tu. Mtaa wa Zhanggongqiao (张公桥) ndio wa kuuliza jioni. Bobo ji ni mishikaki midogo ya kuku, mboga na kila kitu, iliyolowekwa baridi kwenye bakuli la mafuta ya pilipili na ufuta. Unakula, mwisho wanahesabu vijiti. Qiaojiao niurou ni supu ya nyama ya ng'ombe na utumbo, nyepesi, yenye viungo, na kwa aliyekulia supu asubuhi ni kama amefika nyumbani. Pilipili ya Sichuan haiunguzi tu, inatia ganzi ulimi. Ukitaka kidogo onyesha 微辣, usipotaka kabisa 不辣.

Kwa Waislamu: nyama ya ng'ombe haina maana ya halali, na mafuta ya nguruwe huingia hata kwenye mboga. Tafuta kibao cha 清真, mara nyingi cha kijani, kwenye migahawa ya tambi za Lanzhou. Ipo katika karibu kila mji wa China, bei zake ni za mwanafunzi.

Bajeti ya siku nzima kutoka Chengdu, yaani treni, hifadhi, mashua, teksi na chakula, iko karibu yuan 400. Ukiamua kulala, lala hotelini, kwani hoteli hukuandikisha polisi. Ukifikia kwa rafiki, wajibu wa kujiandikisha ndani ya saa 24 ni wako.

Na kama hujali kubeba, nunua bata wa ngozi tamu (甜皮鸭) kabla ya kwenda stesheni. Watamkata vipande na kumfunga. Omba mfuko wa pili juu ya ule wa kwanza, la sivyo behewa zima litajua ulikotoka.